Kuonja Kabla ya Kunywa: Mvinyo wa Kireno, Kaluvu na Usomaji Kathonzweni

Neno mvinyo limo katika Kiswahili tangu zama za Wareno, waliotia nanga pwani hii mwaka 1498 na ambao waliliacha nyuma yao pamoja na meza, leso, bendera, karata na gereza. Asili yake ni vinho, yaani maji ya zabibu yaliyochachuka. Lakini kinywaji chenyewe hakikufuatana na jina lake. Kamusi za zamani hulifasiri neno hilo kwa upana wa kileo kikali cha namna yoyote, kana kwamba wasemaji walipokea chombo kitupu wakakijaza walichokuwa nacho. Baadaye wamisionari wakaleta jina la pili, divai, lenye asili ya Kifaransa, na hilo ndilo lililoingia katika Biblia ya Muungano ya mwaka 1952, katika habari ya arusi ya Kana. Hivyo lugha ina majina mawili ya kitu ambacho wengi wa wasemaji wake hawajapata kukitia kinywani.

Hali hii isingemhusu mhakiki kama yeye naye asingekuwa na chombo kitupu cha aina hiyo. Neno ladha hutumika ovyo katika tahakiki za Kiswahili. Shairi fulani lina ladha, riwaya fulani imepungukiwa na ladha. Na aghalabu mwandishi wa maneno hayo haelezi ni ladha ipi, ya uchachu au ya ukakasi, wala ameilinganisha na nini. Ni pongezi tu. Yumkini jambo la kwanza ambalo chupa ya kigeni inaweza kumfunza msomaji ni kwamba ladha haipatikani kwa kitu kimoja peke yake. Hupatikana kitu kikiwekwa kando ya kingine.

Mahali palipofaa kulijaribu jambo hili si mkahawa wa Nairobi. Palikuwa Kathonzweni, katika Kaunti ya Makueni, si mbali na Wote, mamia ya kilomita kutoka baharini, katika nchi ya ukame ambako mvua za vuli ndizo zinazotegemewa zaidi na ambako pojo, mbaazi, maembe na machungwa hufanya vizuri kuliko mahindi, ingawa watu hawajaacha kupanda mahindi. Huko, chini ya mti wa ukwaju, mwalimu mmoja mstaafu aliwaalika wenzake watano wasome pamoja kitabu kimoja cha Kireno na utenzi mmoja wa Kiswahili, na katikati aliweka chupa tatu alizoletewa na jamaa yake kutoka Lisbon. Bei ya moja tu ingetosha kumlipa kibarua wa kupalilia kwa siku kadhaa. Mwenyeji alilitaja hilo mwenyewe mapema ili lisije likawa mnong'ono.

Ni vema kusema pia kwamba kileo si mchezo katika sehemu hizo. Mwezi wa Mei mwaka 2014 pombe iliyotiwa methanoli iliua watu wengi Embu, Kitui na kwingineko, na wengine waliosalia wakapofuka. Hayo yalitokea miaka minne baada ya Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 kufuta marufuku ya chang'aa na kutaka kila kileo kiuzwe kwa leseni. Tena ni Nzaui, katika Makueni hiyohiyo, ambako Misheni ya Africa Inland ilianzisha kituo chake cha kwanza mwaka 1895, na mafundisho yake ya kujiepusha na pombe yameota mizizi. Mmoja wa waalikwa alikuwa mzee wa kanisa. Alikuja na kitabu chake na chupa ya maji ya ukwaju aliyotengenezewa nyumbani, akaketi, akasema atanusa na kusoma, lakini hatakunywa. Hakuna aliyembembeleza. Ilidhihirika baadaye kwamba yeye ndiye aliyesoma vizuri kuliko wote.

Chupa ya kwanza ilikuwa vinho verde, ambayo hutoka Minho, kaskazini-magharibi mwa Ureno, pande za mvua nyingi. Verde ni kijani, na maana yake hapa si rangi bali uchanga, kwa kuwa mvinyo huo hunywewa mapema. Nguvu yake ni ndogo na uchachu wake ni mkali, na huwa una vipovu vidogo vinavyochoma ncha ya ulimi. Ilikuwa imepozwa ndani ya mtungi wa maji. Kwao Wareno huandamana na samaki. Kathonzweni iliandamana na embe bichi lililopakwa chumvi na pilipili, kisha kuku wa kienyeji aliyekamuliwa ndimu. Wazee wawili waliokulia katika nyumba za kutengeneza kaluvu hawakukawia kutoa hukumu. Walisema hii ni kaluvu ya siku ya kwanza, ambayo bado haijajijua. Kwa mtu anayetafuta istilahi za uhakiki, kauli hiyo ina faida kuliko kurasa nyingi za maelezo ya wauzaji. Imetaja umri, imetaja mwelekeo, na imeeleza kinachokosekana.

Chupa ya pili ilikuwa nyekundu, kutoka bonde la mto Douro, ambalo mipaka yake ya kilimo cha zabibu iliwekwa rasmi mwaka 1756 chini ya waziri Pombal. Douro husifika zaidi kwa mvinyo mtamu wa Porto, unaotiwa pombe kali kabla haujamaliza kuchachuka ili sukari yake isiishe. Hii haikuwa hiyo, bali ile kavu. Hapo Kiswahili kilionyesha kwamba hakihitaji kuazima. Neno ni ukakasi, lile linaloshika ulimi na fizi kama ndizi isiyoiva. Mzee mmoja aliulinganisha na tunda la mwegea, ambao kwa Kikamba ni muatini, likiwa halikuchemshwa vya kutosha. Basi ikaletwa nyama ya mbuzi ya kuchoma yenye mafuta, na baada ya tonge mbili ukakasi ukalainika hadi ukawa kama harufu tu. Muthokoi uliopikwa na mbaazi haukufanikiwa hivyo: mahindi yaliyotwangwa yakaondolewa ganda yana upole ambao mvinyo mwekundu huumeza mzimamzima, na kila mlaji akarudi kwenye maji. Ni haki kukiri kwamba chakula hicho, kilicho bora kuliko vyote vilivyokuwa mezani siku hiyo, hakikumtaka mgeni yeyote.

Kaluvu yenyewe haikunywewa, ilisimuliwa. Asali huchanganywa na maji, siku hizi mara nyingi na sukari, kisha hutiwa matunda ya muatini yaliyokatwa, kuchemshwa na kukaushwa, ambayo ndiyo yanayobeba chachu. Kibuyu huwekwa karibu na joto. Matunda yaleyale hukaushwa tena na kutunzwa kwa matumizi ya baadaye, hata yakapata sifa zao, na mtu aliyetengeneza vizuri hujulikana kwa miatini yake kama fundi ajulikanavyo kwa patasi yake. Kidesturi kinywaji hiki kilikuwa cha watu wazima, cha mapatano ya mahari na cha kumwagwa kidogo chini kwa ajili ya waliotangulia. Mwenyeji alisisitiza jambo moja katika masimulizi hayo. Hakuna mgeni aliyepewa kibuyu ambacho mwenye nyumba hakukionja kwanza mbele ya macho yake.

Kutokana na neno hilo moja mazungumzo yaligeuka. Kuonja, kwa maana hiyo, hakukuanza kuwa anasa ya mtu anayebagua ladha. Ni dhamana. Mwenyeji huonja ili kusema kwa mwili wake kwamba ndani hamna hila, na mgeni hunywa baada ya kupata ushahidi. Hata katika mikahawa ya leo mhudumu humtilia kidogo yule aliyeagiza chupa kabla ya wageni wake. Sababu inayotolewa sasa ni kupima kama kizibo kimeharibu mvinyo, lakini utaratibu ni uleule: anayelipia karamu huwa wa kwanza kujihatarisha. Waliouza pombe ya mwaka 2014 hawakuulizwa na yeyote waonje. Katika Kathonzweni jambo hilo halikuhitaji kufafanuliwa.

Kwa jicho hilo ndipo kikafunguliwa kitabu cha Kireno, Os Lusíadas cha Luís de Camões, kilichochapishwa Lisbon mwaka 1572 na kusomwa hapo katika tafsiri ya nathari ya Kiingereza ya William C. Atkinson ya mwaka 1952. Camões hakuwa mgeni kabisa wa upwa huu, kwani alikwama kwa ufukara katika Kisiwa cha Msumbiji mnamo miaka ya 1567 hadi 1569. Utenzi wake unasimulia safari ya Vasco da Gama, na msomaji wa Afrika Mashariki hukutana humo na Msumbiji, Kilwa, Mombasa na Malindi zikitajwa kwa majina. Kinachoshangaza ni kwamba adui mkuu wa Wareno katika utenzi huo si mfalme wala jemadari. Ni Bacchus, mungu wa mvinyo, anayehofia kwamba sifa zake za kale huko Mashariki zitafunikwa na zao. Taifa la wakulima wa zabibu limemfanya mungu wa zabibu kuwa hasimu wake. Wahakiki wengi huchukulia jambo hili kama pambo la kuiga tenzi za Kirumi, na huenda ndivyo. Lakini likisomwa pamoja na kikombe, linaacha kuwa pambo.

Kikombe hicho kimo katika sehemu ya kwanza. Wenyeji wa Msumbiji wanapanda merikebu, wanalishwa, wanajaziwa vyombo vya kioo kwa kinywaji cha Bacchus, na mtunzi anatuarifu kwamba hawakukataa kitu. Hakuna palipoandikwa kwamba da Gama alionja kwanza. Ukarimu unaelekea upande mmoja, na furaha ya wanaokunywa inasimuliwa kwa namna inayowaweka chini ya wanaomimina. Baada ya muda mfupi wanywaji haohao wanageuka kuwa maadui, na msomaji wa Ulaya anatarajiwa kushangazwa na ukosefu wao wa shukrani. Wasomaji wa Kathonzweni hawakushangaa. Mmoja wao alisema waziwazi kwamba kikombe kisichoonjwa hakimfungi mtu kwa deni lolote.

Katika sehemu ya pili, Mombasa, hila inabadilika sura. Da Gama anawatuma watu wawili mjini wakachunguze. Bacchus anajigeuza kuhani wa Kikristo, anasimamisha madhabahu ya uongo yenye picha ya Roho Mtakatifu, na wajumbe wanarudi wakiwa wameamini. Hapo ndipo inapofaa kuweka kando ya utenzi ile kumbukumbu ya safari yenyewe, ambayo aghalabu huhusishwa na Álvaro Velho. Kulingana na kumbukumbu hiyo, merikebu zilifika mbele ya Mombasa tarehe 7 Aprili 1498. Mtawala wa mji alipeleka kondoo, machungwa, ndimu na miwa. Na wajumbe walioshuka walionyeshwa karatasi yenye mchoro uliodhaniwa kuwa wa Roho Mtakatifu na wafanyabiashara wawili waliodhaniwa kuwa Wakristo. Hao wafanyabiashara ndio Camões aliowafuta akamweka Bacchus mahali pao. Kosa la wasafiri la kutotambua walichokiona limegeuzwa kuwa udanganyifu wa mwenyeji.

Lakini lililo zito zaidi linafuata. Merikebu zilipong'oa nanga ili ziingie bandarini, ya da Gama haikugeuka vizuri ikagonga nyingine, na katika vurugu hiyo marubani waliochukuliwa Msumbiji wakaruka majini. Usiku ule, kumbukumbu inasema bila aibu, da Gama aliwahoji watu wawili waliokuwa wameshikwa merikebuni kwa kuwadondoshea mafuta yanayochemka mwilini, ili wakiri kama kulikuwa na njama. Katika utenzi hakuna mafuta. Kuna Venus na wasichana wa baharini wanaoziegemea merikebu kwa vifua vyao na kuzizuia zisiingie mtegoni. Mtunzi aliyetoa nafasi ya kutosha kwa vyombo vya kioo na kinywaji hakupata hata mstari mmoja kwa ajili ya sufuria ile. Ufundi wa Camões haupungui kwa sababu hiyo. Mandhari ya wasichana wa baharini ni miongoni mwa mapambo ya utenzi huo yanayomvuta msomaji. Ni lazima hata hivyo ijulikane pambo hilo limetundikwa mbele ya nini. Mhakiki anayesifu ladha ya sehemu ya pili pasi na kuiweka kando ya kumbukumbu ile amekunywa kabla ya kuonja.

Wasomaji wawili walibishana kwa muda mrefu hapo. Mmoja alishikilia kwamba utenzi usihukumiwe kwa kile ambacho haukusema; mwingine akajibu kwamba utenzi uliokwisha kuchagua kuzungumzia hila za mwenyeji umejifungia wenyewe swali la hila za mgeni. Haikupatikana suluhu, na mbuzi akapoa.

Upande wa Kiswahili ulisomwa Utenzi wa Fumo Liyongo, katika utunzi wa Muhamadi Kijumwa wa mwaka 1913. Huko nako karamu ni mtego. Maadui wa Liyongo wanamwalika katika kikoa, karamu ya zamu ambayo kila mmoja hupanda mkoma na kuangusha matunda kwa ajili ya wenzake, na wamekubaliana kwamba zamu yake ikifika wampige mishale akiwa juu ya mti. Liyongo hapandi. Anachukua uta wake na kuyaangusha makoma kwa mishale akiwa chini, wote wakatosheka. Msomaji atakumbuka kwamba kisa hiki huelezwa mara nyingi kama ushahidi wa ushujaa na shabaha. Kikisomwa baada ya Camões, chaonekana kwa sura nyingine. Kikoa ni sheria ya kuonja iliyotandazwa kwa jamii nzima: leo najihatarisha mimi kwa ajili yenu, kesho wewe. Uovu wa maadui hauko katika kutaka kuua tu, bali katika kuugeuza utaratibu wa kuaminiana kuwa silaha. Na Liyongo, ambaye angeweza kuwaelekezea mishale wao, anaitimiza zamu yake. Analipa kikoa. Baadaye atauawa kwa sindano ya shaba, na mkono utakaoishika ni wa mwanawe, mtu ambaye hangefikiriwa kuonjeshwa kitu kwanza.

Hiyo ndiyo tofauti kubwa kati ya tenzi mbili hizi zenye karamu za hila. Katika ule wa Kireno mtegwa anaokolewa kutoka juu, na mtegaji daima ni mtu wa upande wa pili. Katika ule wa Kiswahili mtegaji ni mla kikoa mwenzako, kisha mwanao. Hakuna mungu anayelaumiwa.

Chupa ya tatu, ya Madeira, ilifunguliwa jua lilipokuwa limeanza kuinama, na juu yake hapana mengi ya kusema ila kwamba ndiyo pekee iliyostahimili joto la Kathonzweni. Historia yake yaeleza sababu. Mapipa yaliyosafirishwa kupitia nchi za joto yalirudi yakiwa na ladha bora kuliko yalivyoondoka, hata wafanyabiashara wakawa wanayapeleka safari na kuyarudisha makusudi, na baadaye wakabuni njia ya kuutia mvinyo joto kisiwani kwenyewe. Ni mvinyo ulioungua ukapona. Iliandamana na njugu zilizokaangwa na asali kidogo, na Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, inayohesabu vyombo na mapambo ya nyumba za Pate ambazo zimebaki magofu, ikaingia yenyewe mazungumzoni pasi na mtu kuipangia.

Mzee wa kanisa alikuwa ameendelea kusoma mbele peke yake, kalamu mkononi, maji yake ya ukwaju yakiwa yamebaki nusu. Alifika sehemu ya saba, Calicut, ambako Catual, afisa wa mfalme, anapanda merikebu ya Wareno. Vyombo vinatoa povu, kinamiminwa kile kinywaji ambacho mtunzi anasema Nuhu aliwaonyesha watu kwa mara ya kwanza, mgeni anaombwa aketi na kustarehe. Catual hali, kwa kuwa dini yake inamkataza. "Mwalimu," mzee akaita, "njoo uone. Huyu amekataa, na hakuna aliyemuuliza mara ya pili." Akasoma kwa sauti yanayofuata: Catual anainua macho kwenye bendera zilizochorwa, anataka kujua wale waliochorwa ni akina nani na walifanya nini, na Paulo da Gama anasimama kumweleza. Maelezo hayo yanaendelea hadi ndani ya sehemu ya nane.

Mwenyeji akauliza vile vyombo vilipelekwa wapi. Mzee akapekua nyuma na mbele, akasema utenzi hauvitaji tena.